Breki za Mjane

Santiago de Cuba, 11 Januari 2001

Dada Edelmira,

Sisi wazima. Naanza na hilo kwa sababu habari itakufikia pia kwa midomo ya watu wengine, na hao huongeza chumvi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nateremka mtaa wa San Basilio na abiria watano. Nikakanyaga breki, mguu ukaenda hadi sakafuni bila kukutana na kitu njiani. Mpira wa breki kwenye gurudumu moja la nyuma ulikuwa umepasuka na mafuta yote yamemwagika. Unajua gari letu Mjane lina bomba moja tu linalolisha magurudumu yote manne, kwa hiyo likivuja moja, yote yamekwenda. Niliingiza gia ya pili, nikaingiza ya kwanza, nikavuta breki ya mkono, nayo ikabaki mkononi. Tulisimamishwa na mkokoteni wa kabichi.

Hakuna aliyeumia. Mwenye kabichi alinitukania mama. Nikamkumbusha kwamba mama yetu alikuwa mteja wake. Akaomba radhi kwa upande wa mama, akaendelea na mimi. Muuguzi aliyekaa kiti cha mbele alishuka, akafunga mlango taratibu, akasema, "Asante, baba, hapa hapa panatosha." Alikuwa anakwenda hospitali, na hospitali iko mbali na pale.

Marehemu baba alipolibatiza Chevroleti hili jina la Mjane kwa sababu lilikuwa limeshazika wenyewe wawili, hakujua kwamba yeye ni wa tatu. Mimi sina haraka ya kuwa wa nne.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi. Mwezi wa Mei kuna ukaguzi wa magari ya abiria, na safari hii hautafanyika uwanjani kwenye tambarare. Mkaguzi mpya, mhandisi Rosendo, anataka gari lijazwe watu, literemke mlima, na lisimame kwenye mstari mara tatu. Lisiposimama, leseni ya kubeba abiria inachukuliwa, na hapa sijaona leseni iliyochukuliwa ikarudi. Nina miaka hamsini na minne, dada. Sijui kazi nyingine, na mke wangu Zoraida hana kipato kingine.

Nitafutie pampu ya breki ya vyumba viwili, kimoja kinachosukuma mafuta magurudumu ya mbele na kingine ya nyuma, ili kimoja kikifa kingine kibaki. Na mipira yake. Na mafuta ya breki ya dukani. Hapa hakuna. Kila dereva anapika yake, na hasemi anapika nini hata akibanwa na mkewe.

Na shampuu, ile ya chupa ya kijani. Usitume ya mayai.

Ndugu yako,
Ovidio


Hialeah, 6 Februari 2001

Ovidio,

Breki ya mkono imebaki mkononi mwako, na wewe unaniandikia kama mtu anayetangaza hali ya hewa.

Pampu nimepata. Mzee wa duka la spea za magari ya kale aliniuliza, "La maonyesho, mama?" Nikamwambia hapana, ni la mdogo wangu, linapakia watu sita kila siku, kwenye milima, kwa pampu ileile lililotoka nayo kiwandani mwaka 1951. Akavua kofia. Akauliza mdogo wangu anatumia mafuta gani ya breki. Nikasema sijui. Akaniangalia kwa huruma, akaongeza pakiti moja ya mipira bila kuiandika kwenye risiti.

Sasa nakuuliza na mimi: unatumia mafuta gani?

Fermina, yule mama anayepeleka vifurushi kila mwezi, anasema pampu ataifunga kiunoni chini ya gauni. Ana kiuno cha kutosha. Tatizo ni mafuta. Kopo lina alama ya moto, na kwenye ndege hawataki hata kulisikia. Niache nifikirie.

Jambo jingine. Huu ni mwaka wa sita nakutumia chupa nne za shampuu kila mwezi. Mke wako ana kichwa kimoja. Mwambie wifi yangu nywele zikioshwa kupita kiasi zinakatika.

Dada yako,
Edelmira


Santiago de Cuba, 27 Februari 2001

Wifi Edelmira,

Sijawahi kukuandikia kwa sababu mimi na wewe tunaelewana zaidi tukiwa mbali. Lakini leo naandika.

Barua zako Ovidio hunisomea mezani kwa sauti. Hii ya mwisho, alipofika kwenye chupa nne za shampuu, alikohoa na kuruka mistari. Alipolala nikaisoma mwenyewe.

Chupa nne, wifi? Kila mwezi? Mimi nimepokea chupa moja, mwaka 1997, nayo ilikuwa nusu. Kichwa changu nakiosha kwa sabuni ya kufulia, ile inayofanya nywele zisimame kama mswaki wa viatu.

Nikaenda nyuma ya banda la gari. Chupa za kijani zimepangwa kwa ustadi kama ukuta, zote tupu. Nikakumbuka kwamba jioni nyingine mume wangu anarudi ananukia maua, mikono yote hadi viwikoni. Mwanamume wa gereji, wifi! Mume wa Migdalia jirani yangu naye ni dereva, lakini akirudi ananuka dereva.

Nikamuuliza, "Ovidio, shampuu za dada yako zinakwenda wapi?"

Akasema, "Kwenye gari."

"Gari lina nywele?"

Mjane hajaoshwa tangu kile kimbunga, na hata siku ile ni kimbunga kilichomwosha. Nikamrushia sahani. Ilimkosa, na nilikuwa na mbili tu.

Sasa nambie ukweli, mwanamke mwenzangu: unamjua huyo mwanamke? Maana kwa chupa nne kwa mwezi, nywele zake lazima zinafika magotini.

Wifi yako, hadi hapo itakapoamuliwa vingine,
Zoraida


Hialeah, 19 Machi 2001

Ovidio,

Ni nani?

Usinijibu kwamba sielewi. Nimesimama mbele ya pasi ya kiwandani miaka kumi na miwili, na kwenye kila mshahara nimekatia shampuu yenu. Leo nasikia inaosha kichwa nisichokijua. Kama ungetaka kuhonga, ungehonga kabichi, si umeziparamia bure?

Pampu nakutumia, kwa sababu leseni ikienda atakayelala njaa ni Zoraida pia, naye hana kosa. Mwezi huu Fermina hasafiri, anakuja kabla ya mwisho wa Aprili. Na njia ya kupitisha mafuta nimeipata. Siiandiki hapa, maana barua hii inazunguka Meksiko na kupita mikono mingi. Fermina atakwambia kwa mdomo, wewe na si mtu mwingine. Nimemwapisha.

Sikusalimu,
Edelmira


Santiago de Cuba, 8 Aprili 2001

Dada,

Hakuna mwanamke. Kuna Mjane.

Uliniuliza natumia mafuta gani ya breki. Natumia shampuu. Unachukua ya chupa ya kijani, unaongeza spiriti ya duka la dawa, unabandika kwenye moto mdogo hadi povu life, unaacha ipoe, unachuja kwa soksi safi. Haiharibu mipira kama mafuta ya injini, na haigandi asubuhi. Ubaya wake ni mmoja: ukikanyaga breki mara nyingi mlimani, magurudumu yanapata moto, shampuu inachemka, na pedeli inakuwa laini kama godoro. Ndiyo sababu nataka ya dukani. Ile ya mayai niliijaribu mwaka 1996. Nilivuka uwanja wote wa Plaza de Marte bila kusimama, nikipungia watu mkono ili ionekane nimekusudia.

Zoraida nilimwambia ukweli, na sahani ilipita karibu na sikio. Kumweleza zaidi siwezi. Anachojua Zoraida mchana, Migdalia anakijua jioni, na mume wa Migdalia ana Ford. Yeye anatumia kitu chenye asali ndani yake, anakataa, lakini nyuki wanamfuata. Mapishi yangu yakimfikia, asubuhi yake magari yote ya mtaa wetu wa Los Hoyos yanasimama vizuri kuliko mimi.

Kwa sasa nafanya kazi upande wa bandarini, kwenye tambarare. Ukaguzi umepangwa tarehe kumi Mei. Fermina bado.

Nakusalimu hata kama wewe hunisalimu,
Ovidio


Santiago de Cuba, 23 Aprili 2001

Edelmira,

Sikuiti wifi hadi nimalize kukueleza.

Fermina alikuja Ijumaa. Ovidio alikuwa bandarini, nikampokea mimi. Akafungua gauni, akajifungua pampu na mipira yake, akaiweka mezani akihema. Kisha akatoa chupa nne za kijani. Nikasema ahsante. Akasema, "Kuna neno pia, lakini ni la sikio la Ovidio tu."

"Mimi ni mkewe."

"Ndiyo maana," akasema, na akaenda zake.

Ndiyo maana! Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikajiambia, safari hii huyo mwanamke wa nywele ndefu atajiosha kwa mate yake. Chupa moja nikachukua. Tatu nikawagawia kinamama wa mtaa, moja kwa Migdalia, kwa sababu na wao wana vichwa.

Ilikuwa siku ya maji, nikajaza ndoo. Nikamimina kichwani. Haikutoa povu. Nikasema, ah, hii ni ya bei, ya bei haipigi kelele. Nikaongeza. Nikamaliza chupa nzima, nikasugua, nikafunga taulo, nikakaa kwenye kiti cha bembea cha marehemu baba yenu ili iingie vizuri kwenye ngozi.

Ilianza kuwasha. Nikasema, inafanya kazi.

Ovidio akaingia. Hakunitazama mimi. Alitazama kiti. Taulo lilikuwa limelegea, na pale kichwa changu kilipoegemea, rangi ya buluu aliyoipaka Desemba ilikuwa inafura na kubanduka. Akapiga magoti. Akapitisha kidole, akanusa, akafumba macho kama mtu aliyeonja supu.

"Mafuta ya breki!" akasema. "Zoraida, ya kweli kabisa! Tazama yanavyokula rangi!"

"Yanakula rangi ya wapi?"

Ndipo akanyanyua macho. Nilikuwa na nywele nyeusi, Edelmira, nilizipaka kwa Migdalia kwa ajili ya Krismasi. Sasa zilikuwa rangi ya karoti upande mmoja, na upande mwingine sijui niite rangi gani. Akaniambia kwa utulivu uleule wa kwenye barua zake: "Maji. Mengi. Halafu nambie chupa tatu zilizobaki ziko kwa kina nani."

Kichwa kimepona. Ngozi ilibanduka kidogo tu. Ameshanieleza yote, kuhusu shampuu na spiriti na soksi. Soksi yenyewe nimeiona, na ni yangu. Kwa hiyo mwanamke hakuna. Nilikuwa nimeshamchukia miezi miwili, na sasa sijui chuki hiyo niipeleke wapi. Nimeamua nikuletee wewe, kwa muda.

Ulipotia mafuta ya breki kwenye chupa za shampuu, hukufikiri kwamba nyumba hii ina kichwa?

Zoraida


Santiago de Cuba, 29 Aprili 2001

Dada,

Zoraida ameshakuandikia, kwa hiyo nakueleza yaliyofuata tu.

Nilikwenda mlango hadi mlango. Nyumba ya kwanza walikuwa wameshaosha, mama na mabinti wawili, wamekaa barazani wanajikuna kwa zamu. Nikawaambia maji, mengi. Nyumba ya pili chupa ilibaki robo, nayo nyanya yao alikuwa amejipaka magotini na anadai maumivu yamepungua. Alinikatalia kabisa. Nilimwachia kifuniko kimoja.

Migdalia alikuwa hajaifungua. Alikuwa anaiweka kwa ajili ya sherehe ya binti yake ya miaka kumi na mitano. Nikamwambia, "Migdalia, hiyo si shampuu, ni mafuta ya breki."

"Ya kwako uliyokuwa ukitumia siku zote ni yapi?"

"Mengine."

"Basi nitajie hayo mengine nikupe haya."

"Migdalia, mimi na mumeo tumeanza kazi hii pamoja."

"Ndiyo, na mume wangu anafuatwa na nyuki. Sema."

Nikasema. Alirudia kwa sauti hadi soksi, mumewe akiwa nyuma ya pazia. Viatu vyake vilionekana.

Pampu imekaa vizuri. Nilitoboa tundu moja jipya kwenye chuma, nikavuta mabomba mawili badala ya moja, nikabadilisha mipira ya breki ya magurudumu yote. Mafuta niliyokusanya yametosha kujaza chumba cha mbele na kukamua upepo wote. Ya nyuma hayakutosha hata kuanza. Kwa hiyo mbele nimeweka ya dukani, na nyuma nimepika.

Ukaguzi unataka gari limejaa. Hilo sasa ndilo tatizo, kwa sababu Los Hoyos nzima wameshapanda gari langu.

Ovidio


Hialeah, 14 Mei 2001

Ovidio,

Barua yako imefika leo. Usitie shampuu hata tone kwenye hiyo pampu. Mzee wa duka alipouliza hali, nilimsomea yako, akakaa chini. Mkaguzi aahirishe, mwambie unaumwa, mwambie nimekufa. Fermina anakuja tena mwezi wa Juni, na safari hii nitaandika MAFUTA kwenye chupa kwa wino usiofutika, na Zoraida nitamtumia shampuu mkononi mwake mwenyewe, chupa zangu nilizonunua kwa ajili yangu.

Tarehe kumi imeshapita. Najua. Naandika hivyo hivyo.

Edelmira


Santiago de Cuba, 16 Mei 2001

Wifi,

Unaona nimekurudishia jina.

Asubuhi ya ukaguzi Ovidio alizunguka mtaa kutafuta wanaume watano wa kujaza gari. Kila mwanamume alikumbuka kazi. Mmoja alikumbuka kazi ambayo hajaifanya tangu mwaka jana. Nikaona mume wangu amekaa kwenye ngazi, kofia mkononi. Wewe unamjua: gari likiparamia mkokoteni anasimulia kama anayetaja mvua. Siku ile hakusimulia. Nikaingia ndani, nikafunga kilemba, nikaenda kuwaita wenzangu. Migdalia alikuja kwa sababu anapenda kuona. Yule mama na mabinti zake wawili walikuja kwa sababu, walisema, gari hili limeshawala nywele, sasa halina la kuwadai. Tukajipanga, vilemba vitano, na dereva wa sita.

Mhandisi Rosendo ni kijana mwembamba mwenye filimbi. Alituchungulia dirishani.

"Hawa ni abiria?"

"Hawa ni uzito," akasema Ovidio.

Migdalia akamjibu, "Uzito ni bibi yako." Rosendo akarudi kwenye mstari wake, ule mstari mweupe uliochorwa chini kabisa ya mteremko, akasimama hapo hapo, wifi, juu ya mstari, ili aone vizuri. Kijana hajui maisha.

Mara ya kwanza Mjane alisimama kabla ya mstari. Tukapiga makofi. Mara ya pili akasimama kwenye mstari, ila magurudumu yalianza kunukia maua. Niliona shingo ya Ovidio imelowa jasho. Kule nyuma shampuu ilikuwa inachemka.

Mara ya tatu, katikati ya mteremko, pedeli ikashuka. Nilikaa kiti cha mbele, niliuona mguu wake ukienda chini. Nusu ya njia, hakuna kitu. Nikaanza kuwaomba watakatifu, na nikafika wa tatu. Migdalia aliyekuwa nyuma akalitaja jina la mume wangu pamoja na maneno ambayo siyaandiki. Ovidio akasema tu, "Chumba cha nyuma kimekwenda. Shikeni." Kama anataja kituo.

Kisha mguu ukakuta kitu. Pua ya Mjane ikainama, sote watano tukaenda mbele, kilemba changu kikafika kwenye kioo kabla yangu, na gari likasimama. Tairi ya mbele ilikuwa imekanyaga mstari. Rosendo hakuwa tena juu ya mstari. Alikuwa juu ya ukuta wa nyumba ya watu, na sijui alipandaje.

Alishuka, akapangusa suruali, akaja dirishani. "Breki zimeshika magurudumu ya mbele tu," akasema.

"Ndiyo," akasema Ovidio. "Na gari limesimama."

Rosendo akatazama mstari, akatutazama sisi, nywele zimetoka nje za kila rangi. Akasema hilo gari ni la kwanza wiki hii kusimama mara tatu, na mawili kati ya yaliyopita bado yanatafutwa. Akagonga muhuri. Breki ya nyuma tukaambiwa irekebishwe ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo mlete Fermina. Leseni imo mfukoni mwa Ovidio, na usiku analala amevaa shati.

Sasa nakuandikia la jana, maana yeye hatakuandikia, ataona si habari.

Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya mkate, natoka foleni. Mjane akaja. Wewe uliondoka zamani, hujui tunavyopanda siku hizi: Ovidio hupunguza, mimi hukimbia kando yake nikishika mlango, kapu kwanza, halafu mguu wa kulia, halafu yote yaliyobaki, na yeye huvuta mkono. Nimefanya hivyo miaka yote. Nilianza kukimbia. Nikajikuta nimempita. Nikageuka. Gari lilikuwa limesimama, limetulia kabisa ukingoni mwa barabara, na yeye amenyoosha mkono kunifungulia mlango, ananisubiri.

Nikabaki pale na mkate wangu, wifi, watu wa foleni wote wananitazama, na sijui nitangulize mguu upi.

Zoraida